UNAMLIPA NANI ILI ANYAMAZE?

Rafiki yangu unayesoma kikaratasi hiki,

Usikitupe kwanza! Nipe dakika kumi tu. Labda uko stendi unasubiri gari. Labda uko kijiweni na wenzako, au umekiokota njiani baada ya mtu kukiangusha. Vyovyote iwavyo, nina swali moja, na hakuna atakayesikia jibu lako ila wewe mwenyewe: JE, KUNA MTU AMBAYE SIMU YAKE IKIINGIA, MOYO WAKO UNALIPUKA PAA?

Hebu ingia nami katika nyumba moja. Ni mfano tu, lakini nyumba ya namna hii huenda iko mtaani kwenu. Ni saa mbili usiku. Ugali uko mezani, dagaa wananukia, watoto wanabishana nani aanze kunawa. Baba anacheka nao. Mara simu inalia ndani ya mfuko wa shati lake. Ujumbe umeingia. Anausoma, na kicheko kinakatika.

"Nani huyo?" mama anauliza.

"Aah, watu wa kazini."

Ujumbe wenyewe ni mfupi: Leta laki mbili kabla ya Ijumaa, la sivyo mkeo atajua yote.

Mwezi uliopita baba alitoa laki moja. Mwezi kabla ya huo alitoa elfu hamsini. Ada ya mtoto haijalipwa, na mama ameambiwa kwamba mshahara umechelewa. Sasa hesabu nawe: mtu huyu ana siri ngapi? Alianza na moja. Leo anazo mbili, yaani lile alilolitenda, na zile pesa anazozitoa kulifunika. Kesho atakuwa na ya tatu, maana itabidi akope mahali, na mkopo nao lazima aufiche.

Na je, nani mkubwa wa nyumba ile? Usiniambie ni baba! Mkubwa wa nyumba ile hayupo hata mezani. Yuko mahali anakula pesa za ada, na akibonyeza simu tu, mwenye nyumba anashindwa kumeza chakula.

Kijana mwenzangu, watu wengi huangalia sinema za namna hii usiku kucha. Nyumba nzuri, familia nzuri, siri iliyozikwa, na mtu anayejua ilikozikwa. Tunakaa ukingoni mwa kiti tunajiuliza, "Atakamatwa? Hatakamatwa?" Lakini swali kubwa siyo hilo. Swali kubwa ni hili: mtu anayetishwa kwa siri yake afanye nini iliyo HAKI?

KISA CHA MTU WA NOTI YA DOLA KUMI

Huenda umewahi kuiona noti ya dola 10 ya Marekani. Yule bwana kwenye picha hakuwahi kuwa rais. Anaitwa Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa kwanza wa nchi ile. Alizaliwa katika visiwa vya Karibi, baba akaondoka, mama akafariki yeye akiwa bado mtoto. Kwa akili na bidii alipanda mpaka akawa mmoja wa watu wakubwa katika taifa jipya. Mwaka 1780 alimwoa Elizabeth, binti wa familia yenye jina.

Kiangazi cha mwaka 1791, mji wa Philadelphia ukiwa ndio makao ya serikali, mwanamke kijana aitwaye Maria Reynolds alibisha hodi kwake. Akasema mumewe amemtesa na kumtelekeza, naye anaomba msaada wa pesa arudi kwao New York. Hamilton akamwambia atampelekea jioni. Angeweza kumtuma mtu. Hakutuma. Alikwenda mwenyewe, usiku, mpaka mahali alipopanga yule dada. Nawe unaelewa yaliyofuata. Sina haja ya kukuchorea.

Desemba ya mwaka huohuo mume akajitokeza! James Reynolds akaandika barua, akalia kwamba ameharibiwa nyumba yake, kisha akataja dawa ya machozi yake: dola 1,000. Ujue kwamba mshahara wa waziri ulikuwa dola 3,500 kwa mwaka mzima. Hamilton akalipa kwa mafungu mawili, tarehe 22 Desemba 1791 na tarehe 3 Januari 1792.

Mambo yakaisha? La hasha! Mwezi huohuo wa Januari James Reynolds akamwandikia tena, akimkaribisha aendelee kuja kumtembelea mkewe. Mtego ule ulitegwa upya, naye Hamilton akaingia tena kwa miguu yake. Kisha vikafuata "vikopo": leo dola kadhaa, wiki ijayo nyingine. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kikubwa, lakini vyote vilikuwa vya lazima.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawaligundui. Novemba 1792 Reynolds alikamatwa kwa kosa jingine kabisa, la udanganyifu kuhusu malipo ya askari waliopigana vita vya uhuru. Akiwa ndani akaanza kudokeza kwamba anazo habari za kumwangusha waziri. Wabunge watatu wakachunguza. Wakaona barua, wakaona kwamba waziri wa fedha amekuwa akimpa pesa kwa siri tapeli aliyeko jela. Wewe ungedhani nini? Wao walidhani waziri anaichezea hazina ya taifa!

Umeona? Zile pesa alizozitoa ili jina lake lisichafuke ndizo zilizomfanya aonekane mwizi. Funiko lilinuka kuliko chungu chenyewe. Desemba 1792 ikabidi Hamilton awaweke chini wabunge wale, awaonyeshe barua, awaambie kila kitu. Walikubali kwamba hakuiba mali ya umma, wakaondoka. Lakini nakala za barua zilikuwa zimeshatoka mikononi mwake. Mwaka 1797 mwandishi mmoja, James Callender, akazitoa hadharani na kumtuhumu upya kwa wizi.

Agosti 1797 Hamilton akachapisha kijitabu chake mwenyewe. Ndani yake akasema kwa kirefu, na barua akaziambatanisha, kwamba kosa lake ni uzinzi wala siyo wizi. Alijua mkewe ataumia, na humohumo aliandika kwamba hataacha kujilaumu kwa maumivu hayo. Lakini alichapisha. Mwezi ule Elizabeth alikuwa ametoka kujifungua mtoto wao wa sita. Mama mzazi yuko kitandani na kichanga, na aibu ya chumba chake inasomwa na kila mwenye pesa ya kununua kijitabu!

Nataka ubaki na kisa hiki kichwani, maana tutarudi kwake.

ANACHOKUUZIA HAKIPO

Ukienda sokoni ukanunua kilo ya sukari, unaondoka na sukari. Yule anayekutisha anakuuzia nini? Anakuuzia ukimya. Haya, umelipa. Ukimya wenyewe uko wapi? Umeubeba kwenye mfuko gani? Baada ya kulipa, yeye bado anajua kile alichokijua jana. Hakuna njia ya kumtoa mtu jambo kichwani. Ndiyo maana anarudi, na ndiyo maana atarudi tena. Tena ukilipa mara ya kwanza umemfundisha mambo mawili: kwamba siri yako ni ya kweli, na kwamba pesa unazo.

Kwa hiyo usijidanganye na yale maneno, "Nikimpa hii ya mwisho ataniacha." Ya mwisho haipo! Mtu aliyeona kisima hakauki hawezi kuacha kuteka maji.

LAKINI ANASEMA KWELI, KOSA LAKE NINI?

Hapa kuna fumbo ambalo limewasumbua hata wanasheria na wanafalsafa. Fikiri nami taratibu. Ukijua jambo la kweli kuhusu jirani, mara nyingi sheria haikukatazi kulisema. Na ukimwomba jirani pesa, hilo nalo si kosa. Sasa inakuwaje mambo mawili yasiyo makosa yakiunganishwa, "Nipe pesa, la sivyo nasema," yanakuwa uhalifu katika sheria za nchi nyingi?

Mimi nakujibu hivi. Rudi kwenye ile nyumba ya ugali na dagaa. Ukweli kuhusu baba, ni nani mwenye haki ya kuujua? Ni mama! Ndiye anayelala kitanda kimoja na mtu huyu. Afya yake inahusika, watoto wake wanahusika, maisha yake yanahusika. Kama ukweli ule ni haki ya mama, basi mtishaji anachukua mali ya mama na kumuuzia baba. Anamwibia mama mara mbili: kwanza ukweli wake, halafu ada ya watoto wake. Na kama ukweli ule haumhusu mtu mwingine yeyote, basi kutishia kuutangaza ni ukatili mtupu. Upande wowote utakaoushika, mtishaji yuko kwenye uovu. Hajali ukweli hata kidogo. Angeujali, angeusema bure.

Lakini ngoja, usipige makofi haraka. Hoja hiyohiyo inamgeukia baba. Kama ukweli ni haki ya mama, basi baba naye anaponunua ukimya ananunua mali ya wizi! Yeye na mtishaji wake wanagawana mali ya mtu wa tatu, ambaye wakati huo yuko jikoni anaosha vyombo. Baba anajiona ndiye aliyeonewa. Kweli ameonewa, lakini si yeye peke yake, wala si yeye wa kwanza.

"NIKISEMA NITAPOTEZA KILA KITU!"

Najua unachosema moyoni. "Wewe unaongea kirahisi. Humjui baba yangu. Humjui mchumba wangu. Nikifungua mdomo nimekwisha."

Rafiki, sitakudanganya. Inawezekana. Wako wanaokuambia kwamba ukisema kweli kila mtu atakukumbatia. Mimi sikuambii hivyo, maana kuna watu waliosema wakaumia.

Wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya walisoma miaka ya karibuni tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norwe, A Doll's House, iliyoigizwa kwanza Copenhagen mwezi Desemba 1879. Mama mmoja, Nora, mume wake aliugua sana. Ili ampeleke Italia apone, alikopa pesa kwa siri na kughushi sahihi ya baba yake kama mdhamini. Miaka ikapita. Mume akapona, akapata cheo benki, nyumba ikawa ya raha. Ndipo yule aliyemkopesha, Krogstad, akaja na karatasi ile mkononi: nisaidie nisifukuzwe kazi benki, la sivyo mumeo atajua. Nora anacheza, anacheka, na huku barua imeshatumbukizwa kwenye sanduku ambalo ufunguo anao mume peke yake.

Mume anaisoma barua. Nora alitegemea kwamba mtu aliyeokolewa maisha atamkinga. Badala yake mume anamfokea kwamba amemharibia maisha na kwamba hafai kulea watoto. Kisha Krogstad anairudisha ile karatasi, na papo hapo mume anafurahi: tumeokoka! Sasa Nora anamwona alivyo. Kwa miaka minane alikuwa ameishi na mgeni. Anamrudishia pete, anafungua mlango, anaondoka.

Kisa hiki kilitokana na jambo la kweli. Mwandishi Laura Kieler, aliyefahamiana na Ibsen, alikopa pesa kwa siri ili mumewe mgonjwa wa kifua kikuu apelekwe kwenye hali ya hewa nzuri. Mume alipona. Deni lilipombana, Laura alighushi hundi. Mambo yalipofichuka, mume hakumshukuru kwa kumwokoa. Alitaka talaka, Laura akatenganishwa na watoto wake na kuwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa muda. Baadaye alirudi nyumbani, na akaendelea kuandika mpaka uzeeni.

Umeona sifichi. Kusema kuna gharama, na pengine mtu unayempenda ataonyesha sura ambayo hukuijua. Lakini linganisha gharama hizo mbili. Gharama ya kusema unamlipa yule uliyemkosea, naye anaijua hesabu yake, na ipo siku itafika mwisho. Gharama ya kuficha unamlipa mtu ambaye hukumkosea lolote, na haina mwisho. Na tena: Nora angekaa kimya, angeendelea kuishi na mgeni mpaka kufa. Mapenzi yanayosimama kwa sababu tu mwenzako hajui, je, ni wewe anayekupenda, au ni mtu mwingine uliyemchonga ukamweka mezani badala yako? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayejificha daima hawezi kuzaa hata upendo.

BASI NIMWAMBIE NANI?

Hapa tuwe makini sana, maana wengi wanakosea huku.

KWANZA: siyo kila jambo la ndani ni siri ya kutubiwa. Kuna faragha, na kuna uongo uliozikwa. Jipime kwa swali hili: Je, yuko mtu anayepanga maisha yake juu ya uongo kwa sababu ya ukimya wangu? Kama yuko, unamdaiwa. Kama hayuko, humdaiwi mtu maelezo. Ugonjwa wako, ukoo wako, namna ulivyozaliwa, umaskini mliopitia si mali ya umma. Na dada yangu, kaka yangu, kama wewe ndiye uliyetendewa ubaya, kama kuna mtu mzima aliyekuumiza ulipokuwa mdogo, hiyo SIYO dhambi yako! Aibu ile ni ya aliyetenda. Tafuta mtu wa kukusaidia kuubeba mzigo, lakini usiombe msamaha kwa jeraha ulilotiwa.

PILI: mwambie kwanza yule uliyemkosea. Turudi kwa Hamilton. Watu humsifu kwamba alisema kweli. Alisema, ndiyo. Lakini angalia orodha: wabunge waliambiwa, wasomaji wakaambiwa, nchi nzima ikajua. Na kijitabu kile kilimlinda nani? Kilimlinda waziri, asiitwe mwizi. Aliyeumizwa ni Elizabeth, ambaye hakuwa ameiba wala kuzini. Kwa hiyo hata kusema kweli kunaweza kuwa njia nyingine ya kujipenda. Usikimbilie kutangaza barabarani, wala kwenye kundi la simu, jambo ambalo mwenye haki nalo yuko chumba cha pili. Mkalishe. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na mwingine. Usipambe, usimlaumu, usimlazimishe akusamehe siku hiyohiyo.

Na usidhani aliyeumizwa ndiyo amekwisha. Hamilton aliuawa mwaka 1804 katika pambano la bastola. Elizabeth aliishi miaka 50 zaidi, akafariki mwaka 1854 akiwa na umri wa miaka 97. Mwaka 1806 alikuwa mmoja wa akina mama walioanzisha makao ya watoto yatima New York, akaitumikia kazi hiyo kwa miaka mingi. Mke wa mtu yule yatima! Ukweli ulimjeruhi lakini haukummaliza.

TATU: kama nyumbani kuna hatari ya kupigwa au kufukuzwa usiku, usiende peke yako. Tafuta shangazi, mjomba, mwalimu, mzee wa kanisa au wa mtaa, mtu mzima mwenye kifua, muingie pamoja. Na kama hujui pa kuanzia kabisa, anza na Mungu. Kwake huna cha kuficha, maana anajua tayari. Ndiyo sababu hakuna anayeweza kukutisha kwamba atamwambia.

KAMA NI PICHA ZAKO

Siku hizi vitisho vingi vinamjia kijana kupitia simu. Mtu mmekutana mtandaoni, maneno matamu wiki mbili, akaomba picha, ukatuma. Leo anasema: tuma pesa, la sivyo naipeleka kwa mama yako na kwa darasa zima. Kuna vijana ambao hofu hii imewafanya wafikirie kujiua. SIMAMA HAPO! Picha haina thamani ya uhai wako. Aibu ya wiki hii itapita, na kaburi halirudishi mtu.

Fanya hivi. Usilipe. Usitume picha nyingine, hata akisema ni ya mwisho. Usifute ujumbe wake. Hifadhi vitisho, namba na majina anayotumia, maana huo ni ushahidi. Halafu mzuie asikufikie tena. Mwambie mtu mzima unayemwamini LEO, usingoje Ijumaa. Pelekeni habari polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na Kenya ina yake tangu 2018, ambayo inataja waziwazi kosa la kusambaza picha za faragha za mtu. Kama uko chini ya miaka 18, Tanzania, Kenya na hata Uganda zina namba 116 ya msaada kwa watoto.

Ulikosa busara kutuma? Inawezekana. Lakini aliyekosa busara na anayewinda watoto wa watu si watu wa daraja moja. Usikubali akushawishi kwamba mko sawa.

NA WEWE UNAYEISHIKA SIRI YA MWENZAKO

Pengine wewe si wa kutishwa. Pengine unatisha! Umemfuma bosi na mtu, umesoma simu ya dada yako, unajua mimba ile ni ya nani, na sasa unakula mishikaki ya bure kwa sababu ya macho yako. Unajiita mjanja.

Katika Biblia, 2 Samweli sura ya 11 na 12, watu wawili waliijua siri ya mfalme Daudi. Daudi alimchukua mke wa Uria, askari wake, kisha akaandika barua Uria awekwe penye vita vikali afe, na barua hiyo akampa Uria mwenyewe aibebe. Wa kwanza kujua ni jemadari Yoabu, aliyeisoma. Yoabu alitii akanyamaza. Biblia haisemi kwamba alimtishia mfalme. Lakini fuatilia mbele: Yoabu akamuua Absalomu, mtoto wa mfalme, kinyume na amri, akamuua Amasa, na Daudi hakumwadhibu maisha yake yote, mpaka anakaribia kufa ndipo akamwachia Sulemani kazi hiyo. Mimi najiuliza: mfalme angemhukumu vipi mwuaji aliyekuwa na barua yake?

Wa pili ni nabii Nathani. Naye alijua yote. Hakuomba shamba wala cheo. Alimwendea mfalme ana kwa ana, akamsimulia mfano wa tajiri aliyechukua kondoo wa maskini, kisha akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Daudi akakiri. Maumivu yalifuata, tena makubwa. Lakini kuanzia saa ile siri haikuwa tena kamba shingoni mwake.

Siri ni ileile moja. Mmoja alikaa nayo, mwingine akampelekea mwenyewe usoni bila kudai chochote. Wewe ni Yoabu au Nathani? Kama unajua jambo linalomdhuru mtu, nenda kwa mhusika umwambie: "Ninajua. Sitaki kitu chako. Nataka umwambie mkeo. Nitakusindikiza." Hapo ndipo utaitwa rafiki.

AMUA LEO!

Kijana, giza linaingia, mkutano utakwisha, watu watapanda magari yao. Utarudi nyumbani, na simu yako itakuwa mfukoni kama ilivyokuwa. Swali langu la mwanzo bado liko palepale: unamlipa nani ili anyamaze? Siyo lazima iwe pesa. Wengine wanalipa kwa mwili. Wengine wanalipa kwa kazi za bure, wengine kwa kucheka utani unaowachoma, wengine kwa kutopata usingizi.

Usiku huu fanya jambo moja tu. Taja kwa sauti jina la mtu mwenye haki ya kuujua ukweli wako. Jina la mtishaji liache. Mtaje yule mwenye haki. Halafu panga ni lini utamwambia, na nani atakaa kando yako. Magoti yatatetemeka, ndiyo. Lakini Ijumaa ikifika, ule ujumbe ukiingia, utaweza kusema maneno ambayo hakuna mtishaji aliyewahi kuyapenda:

"Umechelewa, bwana. Nimeshamwambia."